Pima Kwanza, Ndipo Ukate Mbao

Leo nataka tuzungumze habari ya mashua. Sina maana ya meli kubwa yenye injini. Nina maana ya mashua ndogo ya plaiwudi, ambayo mtu anaweza kuitengeneza uani kwake, kwa msumeno, kwa gundi na kwa mikono yake.

Je, mtu aliyejifunza kusoma ukubwani anaweza kutengeneza mashua ya namna hiyo? Watu wengi watasema hawezi. Watasema hiyo ni kazi ya fundi peke yake. Mimi nasema anaweza. Lakini nasema pia jambo la pili, na hili ndilo kubwa zaidi: asianze na msumeno. Aanze na kalamu.

Nitakueleza kwa nini nasema hivyo. Nitakueleza pia kosa langu mwenyewe, maana kosa hilo karibu lingemwua mdogo wangu.

Miti mikubwa imepungua

Wazee wetu wa pembeni mwa Ziwa Victoria walichonga mitumbwi kwa magogo. Mtumbwi mmoja ulihitaji mti mmoja mkubwa. Siku hizi mti wa namna hiyo ni shida kuupata. Ukiupata, huenda hauruhusiwi kuukata. Mashua za mbao zilizoungwa zipo, lakini ni nzito, na zinahitaji fundi na fedha nyingi.

Ndiyo maana watu wengine wanafikiria plaiwudi. Plaiwudi ni nyepesi. Inauzwa mjini kwa vipande vikubwa, na kila kipande kwa kawaida kina urefu wa sentimita 244 na upana wa sentimita 122. Vipande vitatu vinatosha kutengeneza mashua ndogo ya watu wawili. Watu wawili wanaweza kuibeba mpaka majini na kuirudisha nyumbani jioni.

Lakini tuelewane mapema. Mashua hii si ya kwenda ziwani mbali. Ziwa Victoria lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 69,000. Upepo wake hugeuka ghafla. Mashua ndogo ya plaiwudi ni ya ghubani, ya bwawani, na ya mto usio na maji makali. Ni ya kuvuka kwenda ng'ambo ya karibu, au kukagua nyavu zilizo karibu na pwani. Na mahali penye mamba au viboko, usiitumie kabisa.

Kosa langu

Nilipohamishiwa kijiji kimoja cha pembeni mwa ziwa, nilikuwa na cheti changu cha elimu ya watu wazima. Nilijiona najua. Darasa letu la pili lilikuwa ng'ambo ya ghuba. Kwa miguu ilikuwa mwendo wa saa mbili. Kwa mashua ilikuwa chini ya nusu saa. Nikasema, nitatengeneza mashua yangu.

Nilikwenda mjini nikanunua vipande vitatu vya plaiwudi nyembamba. Ilikuwa ile ya kupigia dari. Sikumwuliza muuzaji inafaa kazi gani. Niliona plaiwudi ni plaiwudi tu. Bei yake ilikuwa nafuu, nami nikafurahi.

Sikuchora ramani. Sikuandika kipimo hata kimoja. Nilikata ubavu wa kwanza kwa kukisia. Nilikata ubavu wa pili kwa kukisia vilevile. Ubavu mmoja ukazidi mwingine kwa vidole viwili. Nikasema si kitu. Nikapiga misumari, nikapaka lami, nikatia majini. Ilielea. Watu walinisifu. Ilikuwa inavuta kulia kila nilipopiga kasia, lakini nilizoea.

Wiki ya nne nilivuka pamoja na mdogo wangu aliyekuja kunitembelea. Tulipofika katikati ya ghuba, maji yalianza kuingia. Nilitazama chini. Sakafu ya mashua ilikuwa imevimba kama mkate uliotumbukizwa kwenye chai. Gundi ya ile plaiwudi ilikuwa imeyeyuka. Tabaka zake zilikuwa zinaachana. Mdogo wangu alianza kuchota maji kwa viganja, kwa sababu hata kopo la kuchotea maji sikuwa nimelichukua.

Mdogo wangu hajui kuogelea. Kilichomwokoa ni dumu tupu la lita 20 tulilokuwa tunalipeleka ng'ambo. Kifuniko chake kilikuwa kimefungwa vizuri. Alilikumbatia. Wavuvi walituona, wakaja kutuopoa.

Jioni ile hakuniambia neno. Baada ya chakula alisema, "Kaka, darasani unawafundisha watu kupima shamba kwa kamba kabla ya kupanda. Mbona wewe hukupima?"

Sikuwa na jibu.

Plaiwudi ni nini?

Tuanze na mbao yenyewe, maana hapo ndipo nilipokosea kwanza.

Plaiwudi si mbao iliyopasuliwa. Kiwandani, gogo huzungushwa mbele ya kisu kirefu. Kisu hulimenya, kama mtu anavyomenya chungwa bila kukata ganda. Hutoka tabaka nyembamba sana. Tabaka hizo hupakwa gundi na kupangwa moja juu ya nyingine. Nyuzi za tabaka moja huenda urefu, nyuzi za tabaka inayofuata huenda upana. Kisha hushindiliwa kwa joto. Kwa sababu nyuzi zimepishana, plaiwudi haipasuki ovyo kama ubao wa kawaida.

Lakini nguvu yake yote imo ndani ya gundi. Plaiwudi ya dari ina gundi ya kukaa mahali pakavu. Ikilowa siku nyingi, huachana. Plaiwudi ya majini au ya nje ina gundi isiyoogopa maji. Kwa macho zinaweza kufanana. Utazitofautishaje?

Kuna jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya. Mwombe muuzaji kipande kidogo, kama ukubwa wa kiganja. Kichemshe kwa maji saa kadhaa. Tumia sufuria kuukuu ambayo hutapikia chakula tena, maana gundi ina dawa. Kikaushe juani. Kisha kichemshe tena. Tabaka zikiachana, usiinunue mbao ile. Zikishikana, unaweza kuendelea. Tazama pia ukingo wa kipande. Ukiona mianya katikati ya tabaka, jua maji yatapata njia.

Plaiwudi ya majini ni ghali kuliko ya dari. Wengine wataniambia, "Mwalimu, sisi ni maskini, tutumie iliyo rahisi." Mimi nasema maskini ndiye asiyeweza kununua mara mbili. Mimi nilinunua mbao rahisi, na baada ya wiki nne sikuwa na mashua wala fedha. Kama huna fedha ya mbao inayofaa, ngoja. Weka akiba. Au unganeni watu watano. Lakini usitie roho yako juu ya mbao ya dari.

Watu wa kawaida wamefanya

Labda utasema kazi hii ni ya mafundi waliosoma sana. Sikiliza habari hii ya Uingereza.

Mwaka 1963 gazeti moja la huko, Daily Mirror, lilianza kutangaza mashua ndogo ya plaiwudi kwa wasomaji wake. Waliobuni mashua hiyo walikuwa wawili. Mmoja ni Jack Holt, mbunifu wa mashua. Mwingine ni Barry Bucknell, aliyekuwa akiwafundisha watu katika televisheni namna ya kutengeneza vitu nyumbani. Mashua yao ilikuwa na urefu wa mita 3.3. Waliipa jina la gazeti, Mirror, na tanga lake lilikuwa jekundu.

Hawakutaka mtu awe fundi ndipo aitengeneze. Waliuza mbao zilizokwisha kukatwa, pamoja na maelezo yaliyoandikwa. Mtu alitoboa matundu kando ya mbao. Akazishona kwa waya wa shaba, kama unavyoshona nguo. Kisha akafunika maungio kwa utepe wa faiba, yaani kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za kioo, na akaupaka gundi ngumu. Basi. Mashua zaidi ya 70,000 za namna hiyo zimetengenezwa.

Watu hao hawakuwa na mikono tofauti na yako. Walikuwa na karatasi yenye vipimo, wakaisoma, wakaifuata. Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma. Mlango huo umefunguliwa kwako pia.

Maji yana hesabu yake

Sasa tufike kwenye jambo ambalo mimi naliona ni la lazima kuliko yote. Mashua yako itabeba uzito gani?

Mtu asiyejua hesabu hujibu, "Itabeba mpaka ijae." Jibu hilo limeua watu wengi.

Maji yana kanuni rahisi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mashua ikiingia majini husukuma maji pembeni. Itazama mpaka uzito wa maji iliyoyasukuma ulingane na uzito wake pamoja na vyote vilivyomo.

Chukua daftari, tufanye pamoja. Tuseme mashua yako ni kama sanduku. Sakafu yake ina urefu wa sentimita 200 na upana wa sentimita 80. Ikizama sentimita moja tu, inasukuma maji haya:

200 × 80 × 1 = 16,000.

Sentimita za ujazo 1,000 ni lita moja. Kwa hiyo hizo ni lita 16, yaani kilo 16. Maana yake, kila kilo 16 unazoongeza, mashua inashuka sentimita moja.

Sasa tupakie. Mashua yenyewe ina kilo 40. Wewe una kilo 70. Mwenzako ana kilo 60. Makasia, nyavu na dumu ni kilo 22. Jumla ni kilo 192. Gawanya kwa 16. Utapata 12. Mashua itazama sentimita 12. Kama mbavu zake zina kimo cha sentimita 40, umebakiwa na sentimita 28 juu ya maji. Ni vizuri.

Anakuja jirani na mkewe. Kila mmoja ana kilo 64. Wanasema, "Tupitishe, ni karibu tu." Hizo ni kilo 128, sawa na sentimita 8. Umebakiwa na sentimita 20. Wana magunia mawili, kila moja kilo 80. Hizo ni kilo 160, sawa na sentimita 10. Sasa umebakiwa na sentimita 10 tu. Ni upana wa kiganja. Maji yakiwa yametulia, mtaona mko salama na mtapiga soga. Upepo ukivuma kidogo, au mtu mmoja akiinamia upande mmoja kunawa mikono, kiganja hicho hakipo tena.

Hesabu hii inakutosha kuanzia. Lakini kumbuka kwamba mashua ya kweli si sanduku. Imechongoka mbele, kwa hiyo huzama zaidi kuliko hesabu inavyosema. Ndiyo maana baada ya kuandika ni lazima ujaribu.

Mstari mwekundu

Mashua yangu ya pili sikuitengeneza peke yangu. Tuliitengeneza darasani, watu 9. Tulichanga fedha, na kila shilingi iliandikwa katika daftari la mapato na matumizi. Aliyetunza daftari ni mama mmoja mchuuzi wa dagaa. Alijifunza kusoma akiwa na wajukuu. Siku ya kwanza nilipotaja kwenda mjini kununua mbao, alinyosha mkono akasema, "Mwalimu, kabla hatujanunua, tuandike."

Tuliandika. Kwanza tulitengeneza mashua ya boksi la karatasi, ndogo kama kiatu. Kila sentimita moja ya boksi ilikuwa badala ya sentimita 10 za mbao. Kwa hiyo kipande cha plaiwudi kilikuwa sentimita 24.4 kwa 12.2 mezani petu. Tulikosea mara tatu. Boksi lile halikugharimu kitu. Makosa yote matatu yangekuwa ya plaiwudi, tungelia.

Kisha tulihamisha vipimo kwenye mbao. Hatukukata mpaka watu wawili tofauti wamepima na kupata namba ileile. Mbavu mbili tuliziweka moja juu ya nyingine na kuzikata pamoja, ili ziwe pacha. Tulipounganisha, tulipima kwa kamba kutoka pembe hadi pembe, mara mbili kwa kupishana. Kamba zikilingana, sakafu imenyooka. Zisipolingana, imekwenda upande, na mashua itavuta kama ile ya kwanza.

Tulishona kwa waya wa shaba. Tulipaka gundi ile ya kuchanganya makopo mawili, kwa kufuata kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Ukizidisha kopo moja, gundi haikauki vizuri. Hapo napo anayejua kusoma ana faida. Tulifanya kazi hiyo nje, penye hewa, tukiwa tumevaa glovu, kwa sababu gundi hiyo huchubua ngozi na harufu yake si nzuri kwa mapafu. Vumbi la kusugua faiba nalo ni baya, kwa hiyo tulifunga vitambaa puani. Kingo zote za plaiwudi tulizipaka gundi mara mbili, maana plaiwudi hunywa maji kupitia ukingoni.

Chini ya viti tulifunga madumu manne matupu ya lita 20, yenye vifuniko vya kukaza. Nilikumbuka lile dumu la mdogo wangu. Madumu manne yanaweza kushikilia karibu kilo 80 zisizame. Mtu aliye ndani ya maji haelemei sana, kwa hiyo watu wawili wakishika mashua hiyo iliyojaa maji, watabaki juu wakingoja msaada.

Siku ya majaribio hatukupanda mtu. Tuliipeleka mashua mahali ambapo maji yanafika magotini. Tuliweka ndani madumu 10 yaliyojaa maji, kila moja lita 20. Hizo ni kilo 200. Hesabu yetu ya sanduku ilisema itazama sentimita 15. Ikazama 17. Hapo maji yalipofika, pande zote mbili, tulipaka mstari mwekundu. Kisha tuliijaza maji mpaka pomoni. Haikwenda chini.

Mstari wa namna hiyo si uzushi wetu. Mwaka 1876 Uingereza ilitunga sheria ya kuweka alama ubavuni mwa meli za biashara, kuonyesha mwisho wa shehena. Mbunge Samuel Plimsoll alipigania sheria hiyo kwa miaka mingi, kwa sababu matajiri walikuwa wakijaza meli kupita kiasi na mabaharia wakifa. Kama meli kubwa inahitaji mstari, mashua ya plaiwudi itakosaje?

Kusema hapana

Ndugu msomaji, kuchora mstari ni rahisi. Kuutii ni kazi.

Siku moja mama yule alikuwa zamu ya kuvusha watu. Alikuja shemeji yake, mtu mzima mwenye heshima kijijini, pamoja na mwenzake na magunia ya mahindi. Wakapanda. Mama alitazama ubavuni, akasema, "Shemeji, samahani. Mstari umelowa. Magunia yabaki, nitayarudia."

Shemeji alikasirika. "Tangu lini rangi ikamzuia mtu kusafiri? Sisi tumevuka hapa tangu utotoni."

Mama akajibu, "Ni kweli, shemeji. Na wengine walivuka hapa tangu utotoni, na leo hawapo. Mimi sipigi kasia."

Aliweka kasia chini akakaa kimya. Magunia yalishushwa. Shemeji hakumsalimia kwa wiki nzima. Lakini alifika salama, na mahindi yake yalifika safari ya pili.

Mimi nasema siku ile mama alifaulu mtihani mkubwa kuliko wowote niliowahi kutunga. Kusoma namba ni hatua ya kwanza. Kuandika namba ni hatua ya pili. Kuisimamia namba mbele ya mtu unayemheshimu, hiyo ndiyo elimu yenye manufaa.

Tunajua kinachotokea namba isiposimamiwa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya ndugu zetu walikufa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kivuko hicho kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu kuieleza.

Maneno ya wazee mafundi

Mzee mmoja fundi wa mitumbwi aliwahi kuniuliza, "Mwanangu, babu zetu waliandika wapi? Mbona mitumbwi yao ilielea?"

Ni swali la haki. Nilimjibu hivi: "Shikamoo mzee. Babu zetu walipima. Walipima kwa shibiri, kwa dhiraa na kwa pima. Wewe umetengeneza mitumbwi mingi, na vipimo vyake vimo mikononi mwako. Mimi sijatengeneza hata mmoja ulioelea mwaka mzima. Karatasi ni mkono wangu mpaka nipate mkono kama wako."

Alicheka. Kisha alikuja kutazama kazi yetu, na alituonyesha kosa moja katika upinde wa mbele ambalo boksi letu halikuonyesha. Kwa hiyo sisemi fundi hana kazi. Mwite. Mheshimu. Mlipe. Lakini nenda kwake ukiwa na daftari, ili anachokuambia kisipotee. Siku fundi huyo akiondoka duniani, daftari lako litawasaidia wajukuu zake.

La mwisho, kabla ya kutia mashua majini, nenda kwa ofisa uvuvi au kwa viongozi wa ufukwe wenu. Uliza habari ya kuandikisha chombo na leseni. Na kila anayepanda avae jaketi la kujiokolea. Dumu ni msaada, lakini halichukui nafasi ya jaketi.

Kwa hiyo nasema

Tengeneza mashua, ndugu msomaji, kama unaihitaji. Usiogope kwa sababu ulijifunza kusoma ukubwani. Lakini usijidanganye kama nilivyojidanganya mimi, kwamba cheti kinaelea. Kinachoelea ni mbao nzuri, gundi iliyokauka vizuri, na uzito usiozidi mstari.

Mdogo wangu alikuja tena mwaka uliofuata. Nilimwonyesha mashua ya darasa. Hakupanda upesi. Aliizunguka, akaugusa mstari mwekundu kwa kidole, akauliza, "Huu mmeupima?"

Nikampa daftari. Alilisoma mpaka mwisho. Ndipo akavaa jaketi, akapanda.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini plaiwudi ya dari haifai kutengenezea mashua?
2. Mashua ina sakafu ya urefu wa sentimita 200 na upana wa sentimita 100. Ukiihesabu kama sanduku, kila sentimita moja inayozama ni sawa na kilo ngapi?
3. Je, mama mchuuzi wa dagaa alifanya vyema kumkatalia shemeji yake? Wewe ungefanyaje?
4. Katika kijiji chenu, ni vitu gani vinavyotengenezwa au kupakiwa kwa kukisia? Chagueni kimoja, mkipime na mwandike vipimo vyake kwenye daftari.